Sindano ya homoni kwa mwenye miaka 44 na saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa

Dada, kwa ulivyoeleza, mumeo ana miaka 44, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ni 186, majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi ni Gleason 9 (alama ya ukali wa saratani; hii ni kali), na saratani imeonekana kwenye nyonga na pingili mbili za mgongo. Anachomwa sindano ya homoni Alhamisi ijayo, nawe unauliza kama inatosha. Peke yake haitoshi, na kuna mambo yanayotakiwa kuitangulia.

Muulizeni daktari ni sindano ipi. Goserelini na sindano za jamii yake huanza kwa kuipandisha homoni ya kiume wiki ya kwanza au mbili, ndipo ishuke. Uvimbe wa kwenye pingili hulishwa na homoni hiyohiyo, hivyo unaweza kutanuka ukabana uti wa mgongo. Kinga yake ni vidonge vya bikalutamaidi, miligramu 50 kwa siku, vianze siku kadhaa kabla ya sindano na viendelee wiki chache baada yake. Degareliksi, sindano ya aina nyingine, haina tatizo hilo, wala upasuaji wa kuondoa korodani hauna.

Hapa naomba usome taratibu. Maumivu ya mgongo yanayozidi akilala au akikohoa, miguu kuwa mizito kwenye ngazi, ganzi sehemu anayokalia, mkojo kugoma: ukiona mojawapo, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Anahitaji deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) na picha ya MRI ya mgongo mzima, kisha mionzi au upasuaji. Aliyefika akitembea mara nyingi huendelea kutembea. Aliyefika miguu imeshalala ni nadra kuipata tena.

Mbegu zihifadhiwe kabla ya sindano kama kuna uwezekano wowote wa kutaka mtoto. Muulize mkiwa wawili tu, maana wanaume wengi hawalitaji wenyewe mbele ya daktari. Apimwe testosteroni, yaani hiyo homoni ya kiume, pia, ili pawe na pa kulinganishia. Lengo ni ishuke chini ya 50 ng/dl. Ikibaki juu, sindano haifanyi kazi hata kama PSA imeanza kupungua.

Dawa ya pili inayoongezwa mara nyingi juu ya sindano ni vidonge vya abirateroni, miligramu 1000 mara moja kwa siku pamoja na prednisoloni miligramu 5. Tumbo liwe tupu: asile saa mbili kabla na saa moja baada. Akiimeza na chakula, hasa cha mafuta, kiwango chake kwenye damu huruka mara kadhaa. Kosa jingine ni kuacha prednisoloni kwa kuogopa kunenepa. Hapo presha hupanda, miguu huvimba na potasiamu hushuka hadi moyo kupiga ovyo. Presha, potasiamu na ini vipimwe kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Kwa kuwa madoa ya saratani kwenye mifupa ni machache na yako nyonga na mgongoni tu, ulizieni mionzi kwenye tezi dume yenyewe. Kwa ugonjwa mchache namna hii imeonekana kurefusha maisha. Dosetakseli, dawa ya kemo, dripu sita kila baada ya wiki tatu, husaidia zaidi ugonjwa ukiwa umeenea sana. Akiitumia, homa ya 38 ni ya kukimbilia hospitali, si ya kusubiri asubuhi.

Kipimo cha jeni za kurithi, hasa jeni iitwayo BRCA2, msikiache. Umri wake na kusambaa kwa ugonjwa vinatosha kukidai. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, dawa kama olaparibu huingia kwenye hesabu baadaye. Kaka na dada zake, na watoto wenu wakiwa watu wazima, nao watahitaji kupimwa, kwa sababu kasoro hiyohiyo huleta saratani ya matiti na ya ovari.

PSA irudiwe baada ya miezi mitatu. Ikifika 0.2 au chini yake karibu na mwezi wa saba, ni dalili njema sana.