Elmu za mchangani hurudi kwa mbegu

Kuna dai kwamba miti ya elmu ya nyanda za mchanga za Hunshandake, katika Mongolia ya Ndani nchini China, huenea kwa machipukizi ya mizizi; la, haienei hivyo, bali huongezeka hasa kwa mbegu. Aina yake ni Ulmus pumila, ambayo huchanua mapema kabla ya majani kutoka, na kati ya Mei na Juni hudondosha mbegu nyepesi zenye utando mwembamba kama bawa, zinazopeperushwa na upepo. Mbegu hizo hazilali ardhini kungoja mwaka mwingine: zikikuta mchanga wenye unyevu huota ndani ya siku chache, na zisipoupata hupoteza uhai upesi, hivyo kila kitu hutegemea mvua itanyesha lini katika eneo ambalo kwa kawaida hupata chini ya milimita 400 kwa mwaka.

Kuota, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Miche mingi hufa kwa ukame, hufukiwa na mchanga au huliwa na kondoo, mbuzi na ng'ombe, na ndiyo maana mahali penye malisho mengi utakuta miti mizee iliyotawanyika bila vijana chini yake. Kisiki kilichokatwa huweza kuchipua, lakini hapo ni mti uleule unaojirudia, si mti mpya.