Je, nikisajili kampuni kodi itapungua?

SWALI: Nauza unga wa lishe hapa Morogoro kwa jina la biashara nililosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mauzo yangu kwa mwaka ni kama milioni 60. Kijana mmoja anayesaidia watu kujaza fomu ameniambia nisajili kampuni ya limited ili kodi ipungue na benki isiguse mali zangu. Anataka laki nane. Nimpe?

JIBU: Usimpe, dada yangu. Kila mara napokea watu waliouziwa kampuni kwa maneno hayohayo, na wengi huja wakiwa wameshashika barua ya TRA, mamlaka ya mapato.

Kwa sasa unalipa kodi ya makadirio, inayokokotolewa kwenye mauzo. Kwa milioni 60 ni kama milioni 2.1. Utaratibu huo ni wa mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100. Ukihamishia biashara kwenye kampuni umeutoka, hata kama mifuko unayouza ni ileile. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Tuseme faida ni milioni 10: milioni 3 zinakwenda TRA. Hizo 7 zinazobaki ni za kampuni, si zako; ukizitoa kama gawio inakatwa asilimia 10, yaani laki saba nyingine. Ongeza malipo ya mhasibu mwenye CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu), maana ritani ya kampuni, yaani fomu ya mapato ya mwaka, haitoshi kupelekwa na daftari la mauzo tu.

Ni kweli, faida ikiwa nyembamba sana hesabu inaweza kugeuka. Lakini hata hapo huhitaji kampuni. Sheria inamruhusu mtu binafsi kujitoa kwenye makadirio hayo na kutozwa kwa faida, mradi kumbukumbu zake zimekaa vizuri. Vishoka, hawa mawakala wasio rasmi, hawalisemi hili kwa kuwa hawana cha kukuuzia hapo.

Kuhusu benki: inapokopesha kampuni changa, kwa kawaida huwataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi. Ukisaini, nyumba yako imeshaingia. Deni la kodi nalo linaweza kukufuata wewe kiongozi wa kampuni, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kinga ya kampuni, yaani deni lake kutogusa mali zako, ipo, tena ni ya maana, kwa mfano anapokudai mtu aliyekukopesha mahindi. Basi isajili utakapopata mbia wa kuweka mtaji, au mnunuzi mkubwa asiyetaka mkataba na mtu binafsi, au mauzo yakikaribia milioni 100. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) isikutishe: kizingiti cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200, uwe kampuni au mtu binafsi.

Kinachoniumiza zaidi ni ile kauli ya vishoka, "ikikushinda, iache tu." Kampuni haifi kwa kuachwa! Hata isipouza kilo moja, kila mwaka inadaiwa ritani TRA na taarifa ya mwaka BRELA, ambayo ada yake ni shilingi 22,000, na taarifa za wamiliki manufaa (watu wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni kwa kweli) lazima ziwe sahihi. Usipopeleka, adhabu zinajikusanya kimyakimya. Watu wamesajili kampuni kwa ajili ya zabuni moja, wakaikosa, wakaisahau. Miaka minne baadaye wanataka kuifunga na wanaambiwa wamalize kwanza madeni ya miaka yote minne.

Na yeyote anayekusaidia, sasa au baadaye, muulize ameandika simu na barua pepe ya nani kwenye mfumo wa usajili. Vishoka wengi huweka zao. Ukumbusho wa BRELA na madai ya TRA yanamfikia yeye, nywila anayo yeye, na akibadilisha laini huna pa kuanzia. Akaunti ya kusajili fungua mwenyewe, kwa namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na simu iliyo mkononi mwako.