APR ya timu iko 925, inanihusu?

Mdogo wangu, umesema umepata skolashipu ya kukimbia Marekani na kocha kakwambia APR ya timu, yaani alama ya maendeleo ya masomo ya wanariadha wake, iko 925, sasa unauliza kama inakuhusu wewe mgeni. Inakuhusu sana tu. Hesabu yake iko hivi, kila mwanariadha wa skolashipu anaitafutia timu pointi mbili kila muhula, moja kwa kubaki chuoni na nyingine kwa kufaulu kiasi cha kuruhusiwa kushindana, zinapigwa kuwa alama kati ya 1000, halafu wastani wa miaka 4. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka 930. Chini ya hapo timu inaweza kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu, na sio vitisho maana UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) walibeba ubingwa wa kikapu 2011 ila 2013 wakazuiwa kwa hilo hilo, na waliokaa nje wengine hata hawakuwepo alama zilipoharibika, inauma kwa kweli.

Ila usichanganye alama ya timu na ruhusa yako binafsi. Division I, ngazi ya juu ya NCAA, unatakiwa upasi angalau krediti 6 (vipimo vya kozi ulizofaulu) kila muhula, 24 kabla mwaka wa pili haujaanza, na ukiingia wa tatu uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii. Hapo ndo pa kuogopa, mtu anabadilisha kozi katikati na krediti za zamani hazihesabiki tena, anajikuta hakimbii. Kwahiyo fikiria kozi mapema, na kabla hujasaini muulize kocha hiyo 925 imetokana na watu kuhama au kufeli, kama ni kufeli uliza ratiba ya mazoezi ikoje na nani anawasaidia masomo.