Saanane ni hifadhi, na watoto wadogo wanaingia
Kwa wazazi wanaojiuliza kama Saanane bado ni bustani ya wanyama na kama watoto wadogo wanaruhusiwa: kisiwa hiki cha Ziwa Victoria, jijini Mwanza, si bustani ya wanyama tena, bali ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ingawa wapo wakazi wa Mwanza wanaoendelea kukiita bustani ya wanyama kwa kuwa ndipo ilipoanzishwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini mwaka 1964. Watoto wadogo wanaruhusiwa, na walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, kama ilivyo katika hifadhi nyingine zilizo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Kutoka Capri Point, eneo la jiji la Mwanza lililo kando ya ziwa, ni mwendo mfupi tu wa boti, lakini hakikisheni kwamba kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, maana la mtu mzima humchomoka akitumbukia majini. Mtakaowaona bila kutafuta sana ni swala pala, pimbi na tumbili, na hao wa mwisho hawakawii kumpokonya mtoto ndizi mkononi. Njia za kupanda miambani hazimfai mtoto anayeanza kutembea, na kandokando ya maji msimwachie mkono, kwa sababu ziwa lina mamba.