Majibu kwa Wasomaji: Ubingwa wa 2024/25 Ulipotea Siku Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Hapa barazani kwetu, kila ikifika saa ya kahawa, hufufuka ubishi ambao haujaisha tangu msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ufungwe. Mzee mmoja anashikilia kwamba Simba walipoteza ubingwa kwenye dabi ya mwisho dhidi ya Yanga. Sisi wapenzi wa Coastal Union tunasema ubingwa waliuacha mikononi mwetu, siku tuliyotoka nyuma kwa mabao mawili tukasawazisha 2-2. Nani yuko sahihi? Tena naomba utuambie kama Tanga imewahi kutoa bingwa, maana vijana wetu hawasadiki.
Msomaji wa Ngamiani

JIBU: Ndugu msomaji, salaam zimefika. Ubishi wenu ni wa hesabu, kwa hiyo tuufuate kwa hesabu.

Dabi ya Kariakoo, yaani mechi ya Simba na Yanga, ya mzunguko wa pili, iliyokuwa ichezwe 8 Machi 2025, iliahirishwa hadi 25 Juni, ikawa ndiyo mechi ya kufunga msimu kwa timu zote mbili. Yanga waliingia uwanjani wakiwa na pointi 79 na Simba 78, hivyo sare iliwatosha Yanga, ilhali Simba hawakuwa na njia nyingine ila ushindi. Yanga walishinda 2-0, wakamaliza na pointi 82 dhidi ya 78.

Jambo la kushangaza ni kwamba msimu mzima wa ligi hakuna timu iliyowashinda Simba isipokuwa Yanga, waliowashinda mara mbili, wakati Yanga wenyewe walipigwa na Azam na kisha Tabora United ndani ya wiki moja ya Novemba 2024. Kilichowaumiza Simba nje ya dabi ni sare tatu, dhidi ya Coastal Union, Fountain Gate na Azam, ambazo kwa pamoja ziliwagharimu pointi 6. Sare yenu ya 4 Oktoba 2024 ndiyo chungu zaidi kwao, kwa kuwa ushindi walikuwa nao mkononi hadi mapumziko.

Sasa tuwape Simba ushindi ule walioukosa dhidi yenu. Wangeingia kwenye dabi ya mwisho wakiwa na pointi 80, na sare ingewatosha wao badala ya Yanga. Nadhani mechi yenyewe ingechezwa kwa namna nyingine kabisa. Hata hivyo, kwa matokeo yaleyale ya 2-0, wangemaliza na 80 na Yanga wangebaki na 82. Hapo dai lenu linapungua nguvu, niwieni radhi Wagosi, wapenzi wa Coastal. Mliwasogeza Simba ukingoni, ila hamkuwasukuma.

Mzee wenu anakaribia ukweli zaidi, lakini naye ameiacha dabi moja. Tarehe 19 Oktoba 2024 Yanga walishinda 1-0 kwa bao la kujifunga la beki wa Simba dakika za mwishoni. Mechi ya wapinzani wawili wa juu ina uzito wa pekee, kwani pointi 3 anazozikosa mmoja ndizo anazozivuna mwenzake. Kama Simba wangeshinda siku ile, wangemaliza na 81 na Yanga 79, hata baada ya kufungwa Juni. Na kama wangepoteza ile ya Oktoba kisha wakashinda ya Juni, hesabu ingekuwa ileile, 81 kwa 79. Ukipitia mechi zote 30, ni hizo dabi mbili tu ambazo kila moja peke yake ingeweza kubadilisha bingwa. Sare moja iliyogeuzwa kuwa ushindi haitoshi. Mbili zinawalinganisha kwa pointi 82. Ili Simba wawapite Yanga kwa pointi, zinahitajika zote tatu.

Kuhusu swali la pili, waambieni vijana kwamba Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Kwa miaka ya karibuni, nafasi yao nzuri ni ya nne katika msimu wa 2023/24, iliyowapeleka Kombe la Shirikisho Afrika, ambako walitolewa na Bravos do Maquis ya Angola.