Ovaroli iliyolowa dawa si kinga

Swali: Napulizia dawa za wadudu kwa bomba la mgongoni. Navaa ovaroli nene ya pamba, glavu, buti na barakoa ya kitambaa, lakini jioni kichwa huniuma na mate hunijaa mdomoni. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa kabla ya kazi. Nakosea wapi?

Jibu: Maziwa achana nayo. Sumu humwingia mpulizaji zaidi kupitia ngozi, na maziwa yaliyo tumboni hayawezi kuikinga ngozi. Anayekushauri hivyo anakutia ujasiri wa kuendelea kujidhuru. Dalili zako ni zile za sumu ya oganofosfeti na kabameti, makundi mawili ya dawa za wadudu zinazovuruga neva. Acha kupulizia, uende kituo cha afya leo ukiwa na lebo ya dawa mkononi.

Sasa hiyo ovaroli. Watu huamini kwamba nguo ikiwa nzito basi wamekingwa, na imani hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Pamba huzuia matone machache tu. Kifuniko cha bomba kikivuja, dawa hutiririka mgongoni hadi kwenye makalio na kinena. Pamba huinywa, kisha huigandamiza kwenye ngozi yenye joto na jasho kwa saa nzima. Na kinena ndipo pabaya hasa: katika vipimo vya parathioni, mojawapo ya hizo oganofosfeti, ngozi ya korodani ilipitisha sumu karibu mara 12 ya ile ya kigasha. Kwa hiyo badili kwanza washa ya kifuniko (ile pete ya mpira inayozuia kuvuja), kisha weka plastiki nzito kati ya mgongo na bomba. Nguo ikilowa, ivue palepale na uoge kwa sabuni. Usisubiri kumaliza bomba.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Lebo ikidai kinga ya pumzi, tumia yenye kichujio cha kaboni.

Glavu ziwe za nitrile (aina ya mpira wa kiwandani), zisizo na bitana. Zijaze maji, uziminye. Zikivuja hata tone, zitupe. Wengi huzivaa wakishamaliza kuchanganya, ilhali hatari kubwa iko hapo hapo kwenye kuchanganya. Kama lebo inasema mililita 20 kwa bomba la lita 20, tone moja la chupani lina sumu sawa na matone 1,000 ya bombani. Vaa glavu, aproni na miwani ya kinga kabla hujafungua chupa. Ukimaliza kazi, osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mikononi, ndipo uzivue.