Maswali ya wasomaji: Kadi ya fidia ya dawa ya kwapa

Swali: Nimepokea kadi ya posta inasema mimi ni mmoja wa kundi katika kesi ya dawa za kwapa za kupuliza zilizokutwa na benzini (kemikali hatari), na kwamba nijaze fomu mtandaoni nilipwe. Risiti nilishatupa zamani. Huu si utapeli? – Msomaji, Columbus, Ohio

Jibu: Inaweza kuwa ya kweli. Kadi halali hutaja jina la kesi, mahakama, namba ya shauri na tarehe ya mwisho ya kudai. Usianze na kiungo ulichotumiwa. Itafute mwenyewe ile namba ya shauri, uone kama mahakama hiyo inayo. Atakayekudai ada ili “akushughulikie”, au nywila ya benki, ni tapeli. Kuwasilisha dai hakulipiwi hata senti.

Kuhusu hela, usijenge nyumba. Chukua kesi ya Procter & Gamble (P&G), iliyosikilizwa hapo hapo kwenu Columbus katika mahakama ya shirikisho. Kampuni ilifanya maafikiano, ikakubali kulipa dola milioni 8 kwa ajili ya makopo ya Old Spice, Secret na bidhaa nyingine za kupuliza. Asiye na risiti alipangiwa dola 3.50 kwa kopo, mwisho makopo 3, yaani dola 10.50. Dirisha la kesi hiyo lilishafungwa, lakini mpango wa nyingine haupishani sana. Wadai wakizidi fungu lililotengwa, kila mmoja hupunguziwa.

Mwenye ushahidi wa manunuzi ndiye hupata zaidi, na risiti ya karatasi si ushahidi pekee. Ingia kwenye akaunti yako ya duka: Amazon, Costco, CVS na Walgreens huhifadhi historia ya ununuzi, mradi ulinunua mtandaoni au ulitumia kadi ya uanachama. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la bidhaa, tarehe na bei, vyote vitatu.

Madai mengi hukwama kwa mambo madogo. Mume na mke wanajaza kila mtu fomu yake kwa anwani moja, ilhali kikomo ni kwa kaya. Mwingine anahama bila kumwarifu msimamizi wa malipo, hundi inakwenda nyumba ya zamani na kuisha muda wake. Kuna na wanaoongeza makopo ambayo hawakununua. Ile fomu inasainiwa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na dola 3.50 haifai kukuponza.

Ukinyamaza, huambulii kitu na bado unafungwa na maafikiano. Ukitaka kubaki na haki ya kushtaki mwenyewe, andika barua ya kujitoa kabla ya tarehe iliyotajwa. Kama uliugua, soma kwanza kifungu cha haki unazoziachia. Mara nyingi madai ya ugonjwa huachwa nje, lakini hakikisha kwa macho yako.

Swali: Benzini iliingiaje, mbona haimo kwenye orodha ya viungo?

Jibu: Haikuwa kiungo. Gesi zinazosukuma dawa itoke koponi, kama propani na butani, zinatokana na mafuta ya petroli, na zisiposafishwa vizuri huja na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, huruhusu sehemu 2 kwa milioni, tena pale tu ambapo benzini haiepukiki katika utengenezaji. Mwanzoni mwa Novemba 2021 maabara ya Valisure, Connecticut, iliifikishia FDA vipimo vya dawa za kwapa; tarehe 23 mwezi huo huo P&G ikaanza kurudisha makopo. Ilisema kiwango kilichokutwa hakitarajiwi kudhuru afya. Ndiyo maana kesi ilihusu bei: wanunuzi walidai wasingetoa pesa yao kama wangejua.

Swali: Dada yangu wa Marekani aliniletea makopo mawili ya Secret. Nami naweza kudai? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Wewe hapana. Dai ni la aliyenunua, na maafikiano haya huhusu manunuzi ya ndani ya Marekani. Kopo lililonunuliwa dukani Mombasa halimo. Hilo ulirudishe dukani, na muuzaji akigoma, uwaandikie KEBS, shirika la viwango la Kenya. Yale aliyokuletea dada, piga picha ya kitako cha kopo, penye namba ya bechi na tarehe ya kuisha, umtumie kabla hujalitupa. Urudishaji ule wa 2021 uligusa makopo yenye tarehe ya kuisha hadi Septemba 2023, kwa hiyo kama bado lipo kabatini, muda wake umepita vyovyote vile. Usilitoboe wala kulichoma na takataka uani: gesi ile ile hulipuka.